Kisa cha Kalundborg: Nafasi ya Mjasiriamali Katika Mabaki ya Majirani

Mji wa Kalundborg uko pwani ya magharibi ya kisiwa cha Sjælland nchini Denmaki, takriban kilomita 100 magharibi ya Copenhagen, na wakazi wake ni kama 16,000. Ni mji mdogo wa bandari ambao usingejulikana nje ya nchi yake lau si mchoro mmoja: visanduku vinavyowakilisha viwanda, na mishale inayopeleka mvuke, maji, majivu na tope kutoka kisanduku kimoja hadi kingine. Mchoro huo umenakiliwa mara nyingi mno katika maandishi ya uchumi mzunguko, yaani uchumi ambamo mabaki ya mmoja huwa malighafi ya mwingine, hata msomaji anaweza kudhani kwamba mtu fulani aliuchora kwanza, kisha viwanda vikajengwa kuufuata. Ukweli ni kwamba viwanda vilitangulia, mikataba ikafuata mmoja baada ya mwingine kwa karibu miaka thelathini, na mchoro ukaja mwishoni kabisa.

Kwa mjasiriamali, mchoro huo una kasoro kubwa zaidi ya hiyo. Hauonyeshi nani alilipia bomba, nani angepata hasara bomba likifungwa, wala shehena iliyopita katikati ya visanduku ikiwa ndani ya lori la mtu wa tatu. Uchambuzi huu unauliza swali moja tu: katika mji ule, ni wapi hasa mtu asiye na kiwanda kikubwa angeweza kujipatia riziki, na ni wapi ambapo angeumia?

Mambo yalivyoanza

Jambo la kwanza lilikuwa maji. Kituo cha kufua umeme cha Asnæs kilikuwa kimeanza kazi mwaka 1959, na kiwanda cha kusafisha mafuta kilipofuata, ilionekana wazi kwamba maji ya chini ya ardhi yasingetosha kwa viwanda na kwa wakazi kwa pamoja. Mwaka 1961 likapatikana suluhisho la kuvuta maji kutoka Ziwa Tissø, na kazi ikagawanywa kwa namna ambayo bado inafaa kuigwa: halmashauri ya mji ilibeba jukumu la kujenga bomba, na kiwanda cha mafuta kikatoa fedha. Mwaka 1973 kituo cha umeme nacho kikaunganishwa na bomba hilo. Wakati huo hakuna aliyekuwa akizungumzia uchumi mzunguko. Watu walikuwa na upungufu wa maji, wakautatua.

Mwaka 1972 kampuni ya Gyproc, inayotengeneza bodi za jasi za kujengea kuta na dari, ilianza kutumia gesi ya ziada ya kiwanda cha mafuta, gesi ambayo vinginevyo huchomwa bure juu ya mnara ikaonekana kama mwali usiozimika. Bodi ya jasi hutengenezwa ikiwa mbichi na hukaushwa katika tanuri refu, kwa hiyo mwenye kiwanda cha bodi ni mtu anayetafuta joto mchana na usiku. Kuwekwa karibu na mwali wa namna hiyo ilikuwa ni kama kupangishwa nyumba jirani na kisima.

Mikondo mingine iliongezeka kwa kufuata bei na sheria. Baada ya misukosuko ya bei ya mafuta ya mwaka 1973 na 1979, Denmaki ilikuwa imebanwa, kwa sababu sehemu kubwa mno ya nishati yake ilitegemea mafuta kutoka nje. Mwaka 1979 ikatunga sheria ya ugavi wa joto majumbani. Mwaka 1981 joto la kituo cha Asnæs likaanza kusambazwa mjini kwa mabomba, na takriban majiko 3,500 ya mafuta yaliyokuwa yakipasha nyumba joto yakaondolewa. Mwaka 1982 mvuke wa kituo hicho ukaanza kupelekwa kwenye kiwanda cha mafuta na kwenye kiwanda cha Novo kilichokuwa kikitengeneza insulini na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia. Majivu ya makaa yalikuwa yameanza kuuzwa kwa watengenezaji wa saruji mwaka 1979. Mwaka 1987 maji yaliyokwisha kupoza mitambo ya kiwanda cha mafuta yakaanza kutumika katika boila za kituo cha umeme, na mwaka 1990 salfa iliyotolewa katika mafuta ikaanza kuuzwa kwa kampuni ya Kemira mjini Fredericia, ng'ambo ya bahari upande wa rasi ya Jylland.

Kwa muda mrefu mfumo huo haukuwa na jina. Ni mwaka 1989, baada ya wanafunzi wa sekondari ya mji huo kutengeneza mfano mdogo unaoonyesha mabomba yote na viungo vyake, ndipo wenye viwanda wenyewe walipoona kwa mara ya kwanza ukubwa wa kile walichokuwa wamekijenga kipande kipande. Wakaanza kukiita simbiosisi ya viwanda, kwa kuazima neno la wanabiolojia linalohusu viumbe viwili vinavyoishi kwa kutegemeana. Mwaka 1996 ikaundwa taasisi ya kukisimamia na kukitangaza.

Jasi, ikitazamwa kwa karibu

Kati ya mikondo yote, wa jasi ndio unaofundisha zaidi, na inafaa kuufuata hatua kwa hatua.

Makaa ya mawe huwa na salfa ndani yake. Yakichomwa, salfa hugeuka kuwa gesi ya dioksidi ya salfa, ambayo ikipanda angani hurudi kama mvua ya asidi na kuharibu misitu na maziwa. Sheria zilipokaza masharti juu ya moshi huo, kituo cha Asnæs kiliweka mtambo wa kuusafisha. Ndani ya mtambo, moshi hupitishwa katika manyunyu ya maji yaliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa. Salfa hukamatwa na chokaa, hewa hupulizwa ndani ya mchanganyiko, na kinachobaki chini ni tope jeupe ambalo likikamuliwa maji huwa jasi, ile ile inayochimbwa migodini. Kituo kilikuwa na njia mbili: kuitupa kwa gharama, au kumtafutia jasi hiyo mtu wa kuichukua.

Mtu huyo alikuwa jirani. Gyproc ilikuwa ikiagiza jasi ya mgodini kutoka Hispania kwa meli. Kuanzia mwaka 1993 ikaanza kununua ile ya Asnæs, na sehemu kubwa ya mahitaji yake ikapatikana hapo hapo mjini. Jasi ya mtambo wa moshi huwa safi na haibadilikibadiliki kama ya mgodini, jambo ambalo fundi wa bodi hulithamini sana, ingawa hufika ikiwa na unyevu na hivyo hutaka joto zaidi kabla ya kusagwa na kuokwa. Hapo ndipo mtu anapouona uhusiano ambao mchoro wa mishale hauusemi: mabaki ya jirani mmoja yanafaa kwa sababu jirani mwingine tayari anakupa joto la bei nafuu. Mkondo mmoja hubeba mwingine.

Ila jasi hii ilikuwa mtoto wa makaa ya mawe. Kuelekea mwaka 2020 kituo cha Asnæs kiliachana na makaa na kuhamia kwenye vipande vya mbao, ambavyo havina salfa ya kutosha kuzalisha jasi. Bidhaa iliyokuwa imetegemewa kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano ikakatika, na ilikatika kwa sababu nzuri, yaani nchi kutekeleza sera yake ya hali ya hewa. Kiwanda kikubwa chenye bandari mlangoni kinaweza kurudi kuagiza kwa meli. Mtu mdogo ambaye angejenga biashara yake yote juu ya jasi hiyo angebaki na mashine zisizo na chakula.

Na haikuwa mara ya kwanza kwa mabaki ya kituo hicho kubadilika. Katika miaka ya 1990 sehemu ya mitambo yake ilichoma Orimulsion, mafuta mazito ya Venezuela yaliyochanganywa na maji. Majivu yake yalikuwa na vanadi na nikeli kwa wingi, madini yenye thamani ambayo yalitolewa na kuuzwa, lakini ni madini ambayo mtengenezaji wa saruji hangependa kuyakuta katika majivu yake. Kituo ni kile kile na mnara ni ule ule, lakini mafuta yalipobadilika, majivu nayo yakawa kitu kingine. Anayenunua mabaki hununua uamuzi wa mtu mwingine kuhusu malighafi, na mara nyingi huusikia uamuzi huo ukiwa umekwisha kupitishwa.

Kwa nini mabomba makubwa si mahali pa kuanzia

Wanaoandika juu ya Kalundborg hupenda kusifu uaminifu uliokuwapo kati ya mameneja. Mji ni mdogo, watu wanajuana, na wenyeji wana msemo wa kwamba umbali baina ya vichwa vyao ni mfupi kama ulivyo mfupi umbali baina ya viwanda vyao. Sina shaka na hilo. Lakini kila bomba lilijengwa kwa mkataba wa watu wawili, kila upande ukiwa umepiga hesabu zake, na hesabu zisipokubali bomba halikujengwa hata kama mameneja walikuwa marafiki. Bomba la mvuke lenye urefu wa kilomita kama tatu linasimuliwa kuwa lilirudisha gharama zake katika muda wa miaka miwili. Uwekezaji unaolipa kwa kasi hiyo hauhitaji mapenzi ya mazingira ili ukubalike katika kikao cha bodi.

Mtu wa nje haingii katika ndoa ya namna hiyo. Mvuke hauhifadhiki wala hausafiri mbali; unatoka kwa mwenye boila na kwenda kwa mwenye kiu ya joto, na wote wawili ni wakubwa. Vivyo hivyo maji ya kupozea mitambo. Bidhaa ambayo thamani yake inapotea ndani ya kilomita chache huwa mali ya majirani wenyewe, na nafasi pekee ya mjasiriamali hapo ni kandarasi ya kuchomelea mabomba, kuyafunika yasipoteze joto na kuyapima. Ni kazi ya heshima na inalipa, ila si kile ambacho watu hukifikiria wanaposikia neno fursa.

Kuna jaribio moja la kumwingiza mfugaji katika mkondo wa joto. Mwaka 1989 shamba la samaki lilianzishwa kando ya Asnæs, likatumia maji ya bahari yaliyokwisha kupata uvuguvugu kwa kupoza mitambo, kwa kuwa samaki hukua haraka zaidi katika maji ya namna hiyo kuliko katika bahari baridi ya kaskazini. Inavutia, na samaki walikua. Lakini ebu tufikirie siku ambayo mtambo unazimwa kwa matengenezo. Kiwanda cha bodi kinaweza kusimamisha kazi kwa wiki moja; samaki hawawezi kuahirisha kuishi. Mtu anayeweka kitu chenye uhai mwishoni mwa bomba la mwenzake lazima awe na chanzo cha pili cha joto tangu siku ya kwanza, na gharama ya chanzo hicho ndiyo inayoamua kama biashara ipo au haipo.

Penye lori ndipo penye nafasi

Tuhamie sasa kwenye tope, ambalo wachoraji wa mishale hulitengea mstari mmoja mwembamba, nami ningelitengea ukurasa mzima.

Insulini hutengenezwa kwa kutumia hamira iliyobadilishwa vinasaba. Hamira hulishwa sukari katika matangi makubwa, huzalisha kile kinachotakiwa, kisha bidhaa hutolewa na hamira yenyewe hubaki kama uji mzito. Vimeng'enya navyo vina mabaki ya aina hiyo. Uji huu umejaa naitrojeni na fosforasi, na ukimwagwa baharini hulisha magugu ya majini hadi samaki wakose hewa. Kuanzia mwaka 1976 Novo ilianza kuyapeleka mashambani mabaki ya namna hii. Yalipashwa moto ili kuua vijidudu, yakachanganywa na chokaa, kisha yakapakiwa kwenye malori ya matangi na kusambazwa katika mamia ya mashamba ya Sjælland ya magharibi kama mbolea. Sehemu ya hamira ilichukua njia nyingine: iliongezwa maji ya sukari na bakteria wa asidi ya maziwa, ikawa chakula cha nguruwe.

Wakulima hawakuilipia mbolea ile, na wengi wanaosoma kisa hiki wanaliruka jambo hilo. Kiwanda kilikuwa tayari kuitoa bure na kugharimia usafirishaji, kwa sababu njia nyingine yoyote ya kuiondoa ingekuwa ghali zaidi. Hii ina maana kwamba mteja halisi katika biashara ya mabaki mara nyingi ni yule anayetoa, si yule anayepokea. Fedha inatoka kwenye lango la kiwanda. Mjasiriamali anayekwenda kwa mkulima na orodha ya bei ameanzia upande usio na pochi. Angeanza kwa kumuuliza meneja wa kiwanda analipa kiasi gani kuondokana na kila tani, kisha ajiulize kama anaweza kuifanya kazi hiyo kwa pungufu.

Kisha kuna suala la majira. Kiwanda huzalisha tope kila siku ya mwaka, na shamba hulihitaji kwa wiki chache tu. Katika nchi yenye baridi kali ni marufuku kumwaga mbolea ya maji juu ya ardhi iliyoganda, kwa kuwa haitazama bali itatiririka hadi mtoni. Basi lazima pawe na mtu mwenye matangi ya kuhifadhia, mwenye ratiba ya mashamba, mwenye vipimo vya maabara vya kila shehena vinavyomwonyesha mkulima ni kilo ngapi za fosforasi anazoweka ardhini. Kuhifadhi, kupima na kupanga safari ni kazi ambazo mtengenezaji wa insulini hana hamu ya kuzijua na mkulima hana muda wa kuzifanya, na hakuna hata moja inayohitaji mtaji wa kujenga kiwanda.

Mfano mwingine wa aina hiyo ulitokea kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, pale tope la maji taka ya mji lilipoanza kutumiwa na kampuni ya kusafisha udongo uliochafuliwa kwa mafuta. Bakteria wanaokula mafuta huhitaji virutubisho, na tope linavyo. Kampuni hiyo ilipokea vitu viwili ambavyo wenyewe wanalipa ili viondoke, udongo mchafu na tope, ikavichanganya, ikasubiri, na kutoa udongo unaoweza kutumika tena. Katika mahesabu ya biashara ni nadra kukuta malighafi zote mbili zikiingia na malipo yake juu. Sijui biashara nyingi zenye umbo zuri kama hilo.

Nirudi kwenye jasi, kwa maana kulikuwa na njia ya pili ya kuipata ambayo haikutegemea moshi wa mtu. Nyumba zinapobomolewa au kukarabatiwa, bodi kuukuu za jasi hutupwa. Zikifukiwa jaani pamoja na taka zinazooza, na maji yakaingia, bakteria huzigeuza kuwa gesi ya hidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza na sumu ndani yake. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ukaweka utaratibu unaozuia jasi kuzikwa pamoja na taka za namna hiyo. Kampuni ya Gypsum Recycling International ilianza nchini Denmaki mwaka 2001, kabla kidogo ya masharti hayo. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza: makontena yaliyofunikwa huwekwa katika vituo vya kukusanyia taka vya halmashauri, kwa sababu jasi iliyolowa ni shida tupu, bodi hukusanywa katika maghala, na mashine inayohamishika huzunguka ghala hadi ghala, ikiponda bodi, ikitenganisha karatasi, na kuacha unga unaorudi kwenye viwanda vya bodi. Hakukuwa na sababu ya kujenga kiwanda katika kila wilaya, maana mashine moja ikitembea inahudumia maghala mengi.

Kampuni hiyo ililipwa na aliyeleta bodi, ikauza unga kwa aliyeuhitaji, na chanzo chake hakikuwa boila moja bali maelfu ya nyumba zinazokarabatiwa. Kituo cha umeme kilipoacha makaa, thamani ya unga wake ilikuwa na kila sababu ya kupanda. Hapa ndipo maana ya neno eneo inapojitokeza katika uchumi mzunguko wa eneo: mji mmoja hautoi bodi kuukuu za kutosha kuiweka mashine kazini, ila nchi nzima au ukanda mzima unatosha. Mvuke ni wa majirani, jasi kuukuu ni ya mkoa, na salfa, yenye thamani kubwa kwa uzito wake, inaweza kuvuka bahari. Kabla ya kuuliza mabaki yanafaa kwa nini, ningeuliza yanaweza kusafiri umbali gani kabla nauli haijayala.

Lililoshindikana

Mwaka 2009, wiki chache kabla ya mkutano wa kimataifa wa hali ya hewa uliofanyika Copenhagen, kilizinduliwa kando ya Asnæs kiwanda cha majaribio kilichoitwa Inbicon. Kilichukua majani makavu ya ngano kutoka mashambani, kikayalainisha kwa mvuke wa kituo cha umeme, na kwa msaada wa vimeng'enya kikatoa ethanoli ya kuendeshea magari, molasi, na tembe za lignini, sehemu ngumu ya mmea, za kurudishwa katika boila. Kwenye karatasi kilikuwa kama mwisho mwema wa hadithi: mkulima, mwenye mvuke, mtengenezaji wa vimeng'enya na muuza mafuta, wote ndani ya eneo moja. Teknolojia ilifanya kazi. Kilifungwa baada ya miaka michache, kwa sababu ethanoli ya majani ilikuwa ghali kuliko ile ya nafaka, na soko ambalo sera zilitarajiwa kulijenga halikukomaa kwa wakati.

Ukaribu ulipunguza gharama ya mvuke na ya usafiri, lakini bei ya ethanoli haikupangwa Kalundborg. Mzunguko wowote una mlango mmoja unaofunguka nje, mahali ambapo bidhaa ya mwisho inakutana na bei ya dunia, na uzuri wa mzunguko wenyewe haufiki hadi hapo. Nikilinganisha na yule wa jasi kuukuu, tofauti haiko katika ubunifu. Mmoja alilipwa kwa kuondoa taka hata kabla hajauza kitu. Mwingine alinunua malighafi, kisha akangoja mnunuzi atakayekubali kulipa zaidi.

Sheria nazo zina upande wake. Denmaki ilianza kutoza kodi taka zinazozikwa na kuchomwa mwaka 1987, na kila ongezeko la kodi ya namna hiyo huyafanya mabaki yaliyokuwa hayana mwenyewe yastahili safari ya lori. Lakini sheria inaweza pia kuua kabla ya kuzaliwa. Nchini Marekani imeonekana mara nyingi kwamba mabaki yakishaandikwa kuwa taka hatari, mlolongo wa vibali vya kuyasafirisha na kuyatumia humfanya mwenye kiwanda aone ni heri ayazike na kusahau. Swali la kwamba kitu fulani ni taka au ni bidhaa huamuliwa na mamlaka ya mazingira, na mjasiriamali anayelikumbuka baada ya kununua lori amechelewa.

Katika miaka ya 1990 Marekani ilijaribu kujenga Kalundborg zake kwa mpango. Maeneo mengi yalitangazwa kuwa bustani za viwanda vitakavyobadilishana mabaki, na mengi hayakufika popote, kwa kuwa kampuni hazihami ili zikanywe maji ya moto ya mwenzao. Mtafiti Marian Chertow wa Chuo Kikuu cha Yale alifikia hoja mwaka 2007 kwamba ni afadhali kufichua mabadilishano madogo ambayo tayari yapo na kuyakuza, kuliko kuyabuni mezani. Uingereza ilikuwa imechukua njia inayokaribiana na hiyo tangu 2005, kwa programu ya kitaifa iliyowaweka wataalamu katikati ya kampuni kama madalali wa mabaki, ikigharimiwa kwa sehemu na kodi ya majaa. Udalali huo ni biashara kamili, na kwa maoni yangu ndio ulio wazi zaidi kwa mtu mwenye elimu ya kemia au uhandisi lakini asiye na mtaji: kujua nani ana nini, kina uchafu gani, kinapatikana miezi gani, na nani angekitaka kama kingesafishwa kidogo.

Mkataba ambao ningeutaka

Kama ningekuwa ninaingia Kalundborg leo nikiwa na lori na matangi mawili, sharti la kwanza ambalo ningelipigania lisingekuwa bei. Ningetaka mwenye mabaki aniarifu mapema, kwa maandishi, anapokusudia kubadili mafuta, malighafi au teknolojia, na anifidie iwapo atabadili ghafla kabla sijarudisha gharama za mashine. Ningetaka kila shehena ipimwe langoni, na isiyokidhi viwango irudi kwa gharama yake. Ningekataa kumtegemea yeye peke yake, hata kama ana mabaki ya kunitosha miaka ishirini, kwa sababu wamiliki hubadilika: kiwanda cha mafuta cha mji huo kimepita mikononi mwa kampuni kadhaa tangu 1961, na mwaka 2021 kampuni ya Kinorwe ya Equinor ilikiuza kwa Klesch. Mmiliki mpya huja na vitabu vipya vya hesabu, na urafiki wa mameneja wa zamani haumo katika orodha ya mali zilizouzwa.

Kuna na wasiwasi wa aina nyingine, ambao huwapata waliofanikiwa. Mabaki yakianza kuwa na faida, mwenyewe hugundua. Lile tope ambalo lilipelekwa mashambani bure tangu 1976, tangu mwaka 2018 hupitishwa kwanza katika mtambo mkubwa wa gesi hapo Kalundborg. Gesi inayotoka husafishwa na kuingizwa katika mtandao wa gesi wa taifa, na kinachobaki ndicho kinachokwenda mashambani kama mbolea. Mkulima hajapoteza kitu, maana naitrojeni na fosforasi bado zimo. Lakini aliyekuwa ameweka matumaini yake kwenye nguvu iliyokuwa ndani ya uji ule amekuta mwingine ameichukua. Msafirishaji ndiye aliyenusurika, kwa sababu kabla na baada ya mtambo, uzito ule ule unahitaji kubebwa.

Mji wenyewe unaendelea kubadilika. Mwezi Novemba 2023 Novo Nordisk, mrithi wa Novo upande wa insulini, ilitangaza uwekezaji wa krone bilioni 42 za Denmaki katika upanuzi wa viwanda vyake Kalundborg, na upanuzi wa kiasi hicho una maana ya maji mengi zaidi yanayoingia na mengi zaidi yanayotoka yakiwa na uvuguvugu. Shirika la huduma za mji lilikwisha kuliona hilo mapema. Tangu mwaka 2017, kwenye mtambo wa kusafisha maji taka, kuna pampu ya joto inayoyakamua maji hayo uvuguvugu wake kabla hayajaachiwa kwenda baharini, na joto hilo huingia katika mabomba yale yale ya mjini ambayo mwaka 1981 yalijazwa kwa moto wa makaa ya mawe.